Kizunguzungu Unapoinuka: Jinsi ya Kukitambua, Kukipima na Kukidhibiti

Saa kumi na moja alfajiri mama yangu aliamka kwenda msalani. Alisimama wima kando ya kitanda, akapiga hatua tatu, akaanguka kabla ya kuufikia mlango. Tulimkuta ameketi sakafuni, jasho jembamba likimtoka kwenye paji la uso, akieleza kwamba macho yalikuwa yameingia giza na masikio yakavuma. Baada ya dakika mbili alikuwa mzima kabisa na anaulizia chai. Nyumbani kwetu Kisumu, kama ilivyo katika nyumba nyingi, neno la kwanza lililotamkwa ni "presha imeshuka", na tiba ya kwanza iliyopendekezwa ni soda na kijiko cha chumvi, ingawa mama ana ugonjwa wa sukari na amekuwa akimeza dawa za presha ya kupanda kwa miaka mingi. Neno lile halikuwa mbali na ukweli. Tiba ndiyo iliyokuwa hatari, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeuliza kwa nini presha ishuke, na kwa nini ishuke saa ile ile ya alfajiri kwa mara ya tatu katika mwezi mmoja.

Kizunguzungu cha kuinuka ni dalili, na chanzo chake mara nyingi hupatikana kwa kufanya mambo matatu ambayo hayagharimu sana: kuandika saa kinapotokea na ulikuwa ukifanya nini, kupima presha ukiwa umelala kisha ukiwa umesimama, na kuzitandaza mezani dawa zote unazotumia pamoja na zile ulizonunua bila kuandikiwa. Nitayaeleza yote matatu, lakini nianze na wakati wenyewe, kwa sababu kuanguka ndiko kunakovunja nyonga na kupasua vichwa.

Kikikushika sasa hivi

Ukihisi giza linaingia machoni au kichwa kuwa chepesi mara tu baada ya kusimama, usijaribu kufika kitandani wala kutoka nje kutafuta hewa. Keti papo hapo, hata kama ni sakafuni, au uchuchumae. Ukiweza kulala, lala chali na uinue miguu juu ya kiti, gunia au begi. Ikiwa uko mahali ambapo huwezi kuketi, kwa mfano kwenye foleni ya benki au umesimama kanisani, pishanisha miguu kama mkasi, bana mapaja na makalio kwa nguvu, kaza tumbo na ukunje ngumi. Misuli iliyokazwa huikamua mishipa ya damu ya miguuni na kuirudisha damu juu. Kaza hivyo kwa nusu dakika hivi, legeza kidogo, kisha rudia. Mwendeshaji wa bodaboda au wa gari anayehisi hali hiyo asimame kando ya barabara kwanza.

Kosa ambalo nimeliona mara nyingi, hasa sokoni Kibuye siku za Jumapili watu wanaposongamana juani, ni la wasamaria wema kumshika aliyezirai kwapani na kumsimamisha. Ubongo uliokosa damu ya kutosha unaihitaji damu hiyo ikiwa mwili umelala, na kumsimamisha ni kumnyima kile ambacho mwili wake ulikuwa ukitafuta kwa kuanguka. Mlaze, inua miguu yake, legeza mkanda na kola, na uwaombe watu wasogee. Asipokuwa na fahamu, usimtie maji wala soda mdomoni. Mlaze kwa ubavu na uhakikishe anapumua; asipozinduka ndani ya dakika moja au mbili, tafuta usafiri wa kwenda hospitali. Mama mjamzito mlaze kwa ubavu wa kushoto, kwa kuwa akilala chali uzito wa mimba huubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Yanayotokea ndani ya mwili

Mtu anaposimama, kati ya nusu lita na lita nzima ya damu huteremka kwenye miguu na tumbo. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na ule unaotoka moyoni kuna vihisi vinavyotambua kwamba msukumo umepungua, navyo hupeleka taarifa kwenye ubongo; ubongo huamuru mishipa ijikaze na moyo uongeze mapigo, kwa kawaida mapigo 10 hadi 15 zaidi kwa dakika. Kazi hiyo yote hukamilika ndani ya sekunde chache, na mtu mwenye afya hajui hata kwamba imefanyika. Kijana anayeruka ghafla kutoka kwenye kochi anaweza kuona nyota kwa sekunde kadhaa kisha zikatoweka. Hilo likitokea mara mojamoja halina tatizo.

Tatizo huwapo ikiwa damu iliyomo haitoshi, ikiwa mishipa haijikazi inavyoamriwa, au ikiwa neva zinazobeba amri hizo zimeharibika. Wahudumu wa afya husema presha imeshuka kwa kusimama pale nambari ya juu inapopungua kwa 20 au zaidi, au nambari ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama.

Kabla ya kupima, hakikisha kwamba ni kizunguzungu cha aina hii unachokishughulikia. Ikiwa nyumba inazunguka unapojigeuza kitandani au unapotazama juu kuanika nguo, na huzunguka hata ukiwa umelala, chanzo huenda ni sikio la ndani, na matibabu yake ni mengine kabisa. Mtu mwenye sukari anayetumia sindano za insulini au vidonge vya kushusha sukari, akitetemeka, kutokwa jasho na kusikia njaa kali hata akiwa ameketi, apime sukari kwanza. Ikiwa chini ya 4 kwenye mashine zetu, hapo ndipo soda au maji ya sukari yanapofaa. Kizunguzungu cha kuinuka huja ukiinuka na huondoka ukiketi au ukilala, na baadhi ya watu husikia pia maumivu ya shingo na mabega yanayopotea wakilala.

Kupima nyumbani

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu ndipo sisi tulipopotea kwa miezi. Kliniki aliyokuwa akihudhuria mama ilimpima kila mara akiwa ameketi kwenye benchi, na kila mara kadi yake iliandikwa nambari nzuri, 138 kwa 84 au karibu na hapo. Aliposema ana kizunguzungu, aliambiwa ni uzee. Kipimo cha kuketi hakiwezi kuonyesha kile kinachotokea mtu anaposimama, na hilo si jambo la kubishania. Ni lazima apimwe katika hali zote mbili.

Tumia mashine ya kufunga kwenye mkono wa juu badala ya ile ya kifundo. Usipokuwa nayo, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, kwa kuwa tangu mwaka wa 2023 wengi wao wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, au uombe kwenye duka la dawa lenye kitanda au benchi la kulala. Mgonjwa alale chali kwa dakika tano bila kuzungumza. Mpime, andika nambari zote tatu: ya juu, ya chini na ya mapigo ya moyo. Kisha asimame, mpime tena baada ya dakika moja, na mara nyingine baada ya dakika tatu. Mtu mmoja awe karibu naye na kiti kiwe nyuma yake; akisema giza linakuja, mketishe na uandike kwamba hakuweza kusimama, maana hayo pia ni matokeo.

Kuna jambo dogo ambalo huharibu kipimo chote. Anaposimama, mkono uliofungwa kitambaa cha mashine usining'inie; uutegemeze kwa kiganja chako, au auweke juu ya kabati, ili kitambaa kiwe sawa na kifua. Mkono ukining'inia chini ya kiwango cha moyo, mashine husoma presha ya juu kuliko ilivyo, na ule mteremko unaoutafuta hufichika.

Pima asubuhi kabla ya dawa na chakula, pima tena saa moja au mbili baada ya dawa, na wakati wowote kizunguzungu kinapokuja, kwa siku tano hadi saba. Mama yangu alfajiri ya kwanza alikuwa na 152 kwa 88 akiwa amelala, mapigo 74. Baada ya dakika moja ya kusimama alikuwa na 121 kwa 76, mapigo 78. Nilipiga hesabu mara mbili kwenye daftari: nambari ya juu ilikuwa imeshuka kwa 31.

Tazama na hayo mapigo. Presha inaposhuka kiasi hicho, moyo ungepaswa kukimbia ili kuziba pengo, lakini wake uliongeza mapigo manne tu. Moyo usioitika huashiria kwamba neva zenyewe zimelegea, jambo ambalo sukari ya muda mrefu husababisha, au kwamba kuna dawa inayouzuia. Moyo unaoruka kutoka 74 hadi 110 presha ikishuka huelekeza zaidi kwenye upungufu wa maji au damu. Na kwa vijana, hasa wasichana, yapo maradhi ambayo presha haishuki lakini mapigo hupanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama, au 40 kwa walio na umri wa miaka 12 hadi 19. Wasichana hao huambiwa ni wavivu au wana mawazo, ilhali daftari lenye nambari lingewatetea.

Maji na joto

Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari na joto lake la mchana si la mchezo. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850, ina baridi zaidi, lakini jua lake hukausha vilevile na mtu hatambui kwa kuwa jasho hupotea haraka. Wakata miwa wa Muhoroni na Chemelil, wavuvi wanaorudi Dunga baada ya usiku mzima, na akina mama wanaouza sokoni tangu alfajiri bila kunywa maji kwa sababu choo kiko mbali, wote wanaweza kupata kizunguzungu cha kuinuka pasipo ugonjwa wowote. Mkojo mchache wenye rangi ya njano iliyokoza ni ishara tosha.

Kuhara na kutapika hukausha mwili kwa kasi zaidi. Hapo maji matupu hayatoshi. Tumia chumvi maalumu za pakiti za kurudisha maji mwilini, ukizingatia kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe, kwa kuwa pakiti nyingine ni za nusu lita na nyingine ni za lita moja. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, ukoroge mpaka viyeyuke. Usizidishe chumvi kwa kudhani itafanya kazi haraka.

Homa nayo isichukuliwe kijuujuu katika kaunti zinazopakana na ziwa. Malaria hukausha mwili kwa jasho, hushusha presha, na pia huharibu chembe nyekundu za damu, hivyo kizunguzungu huweza kubaki wiki kadhaa baada ya dawa kumalizika. Mwenye homa na kizunguzungu apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Damu iliyopungua

Mwanamke anayepata hedhi nzito, mtoto mwenye safura, mwenye selimundu, na mtu aliyeugua malaria mara kwa mara wanaweza kuwa na damu kidogo kiasi kwamba kila wakisimama hukosa pumzi na kuona giza. Vuta ukope wa chini wa jicho utazame: ukiwa mweupe badala ya mwekundu, nenda ukapimwe kiwango cha damu. Omena, maini na managu husaidia kuongeza damu, na pera au chungwa mezani huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Chai, ambayo wengi wetu tunainywa pamoja na chakula, huzuia ufyonzaji huo. Isubirishe saa moja au mbili. Vidonge vya kuongeza damu vimezwe baada ya kupimwa, hasa kwa mwenye selimundu, ambaye huenda tayari ana madini ya chuma kupita kiasi.

Kuna kuvuja kusikoonekana. Wanaotumia diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa ajili ya maumivu ya mgongo na magoti huweza kupata kidonda cha tumbo kinachovuja polepole, na ishara yake ni choo cheusi, chenye kunata kama lami na harufu nzito. Vidonge vya kuongeza damu pia hufanya choo kiwe cheusi, lakini usijipe moyo kwa hilo ikiwa pamoja na weusi huo unapata kizunguzungu. Na mwanamke aliyekosa hedhi, akapata maumivu upande mmoja wa tumbo la chini na kuzirai anaposimama, huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na kupasua mrija wa uzazi. Huyo asilale nyumbani akisubiri kupambazuke.

Dawa

Hapa ndipo penye vyanzo vingi zaidi kwa watu wazima, na ndipo tulipopata jibu letu. Siku moja alasiri nilimwomba mama alete kila kitu anachomeza. Alileta mfuko wa plastiki wa rangi ya samawati, na tukamwaga mezani vidonge viwili vya presha, kimoja kikiwa cha kutoa maji mwilini. Metforimini ya sukari. Dawa ya maumivu ya duka la mtaani. Na bahasha ndogo ya kaki yenye vidonge vidogo, juu yake kumeandikwa kwa kalamu "moja usiku". Ilikuwa amitriptilini, ambayo alikuwa amepewa kwa ajili ya miguu inayowaka moto. Kuwaka huko kulitokana na neva zilizoharibiwa na sukari. Tulipohesabu siku, kuanguka kwake kwa kwanza kulitokea wiki tatu baada ya kuanza bahasha ile.

Amitriptilini hulegeza mishipa ya damu na inajulikana sana kwa kushusha presha mtu anaposimama, hasa usiku na alfajiri. Haiko peke yake. Dawa za kutoa maji mwilini kama furosemidi, dawa nyingine zote za presha, tamsulosini na wenzake wanaopewa wazee wenye tezi dume iliyovimba, dawa za moyo za kuwekwa chini ya ulimi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, dawa za mtetemeko wa Parkinson, na dawa za nguvu za kiume ambazo wanaume hununua kimyakimya, zote huweza kuleta hali hii. Mbili au tatu zikikutana katika mwili mmoja, hatari huongezeka. Mwanamume anayetumia dawa za moyo za chini ya ulimi asimeze kabisa dawa za nguvu za kiume, kwa kuwa presha inaweza kuporomoka hadi kufa. Metforimini ikitumika kwa miaka hupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huharibu neva; omba kipimo chake ikiwa umeitumia muda mrefu.

Baada ya kusoma haya, kishawishi ni kuacha dawa. Usiache. Dawa ya presha ikikatwa ghafla, presha inaweza kupanda na kuleta kiharusi, nacho ni kibaya kuliko kizunguzungu. Peleka mfuko wote na daftari kwa daktari au afisa wa kliniki, umwombe aangalie kama kuna dawa inayoweza kupunguzwa, kubadilishwa au kuhamishiwa saa nyingine. Mara nyingi kubadilisha saa peke yake huleta nafuu. Dawa ya kutoa maji, kwa mfano, ikimezwa jioni humwamsha mtu usiku kwenda msalani mwili ukiwa umekauka. Anayekusudia kufunga mwezi wa Ramadhani au kufunga kwa maombi azungumzie saa za dawa kabla ya kuanza, badala ya kungoja azirai.

Vyanzo vingine nitavigusa kwa ufupi. Kulala kitandani kwa wiki nzima kwa ugonjwa au upasuaji huufanya mwili usahau kazi ya kusimama. Mimba hulegeza mishipa, hasa katika miezi sita ya mwanzo. Ugali mwingi wa mchana huvuta damu tumboni, na wazee wengi huanguka ndani ya saa mbili baada ya kula. Pombe, iwe bia, busaa au chang'aa, hupanua mishipa na kukausha mwili kwa pamoja. Aliyewahi kuugua kifua kikuu, akapungua uzito, ngozi ikawa nyeusi kuliko kawaida yake na akatamani chumvi kila mara, amwambie daktari mambo hayo yote kwa pamoja, kwa kuwa kifua kikuu huweza kuharibu tezi zilizo juu ya figo ambazo husaidia kushikilia presha.

Kuishi nacho siku hadi siku

Kuinuka kufanywe kwa hatua. Ukiamka, ukiwa bado umelala, pinda na kunyoosha vifundo vya miguu mara ishirini hivi na ukunje ngumi mara kadhaa. Kisha keti ukingoni mwa kitanda miguu ikiwa sakafuni kwa dakika mbili. Kisha simama ukiwa umeshika kitu kisichosogea, ubaki hapo hapo kwa dakika moja kabla ya kupiga hatua. Mama hakuupenda utaratibu huu, akisema unamchelewesha msalani. Tulimwekea ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, na haraka ikaisha. Wanaume nao wakojoe wakiwa wameketi usiku, kwa sababu kukojoa kwa kusimama hushusha presha papo hapo.

Pembeni mwa kitanda weka kikombe kikubwa cha maji. Nusu lita, yaani gilasi mbili, ikinywewa ndani ya dakika chache kabla ya kusimama, hupandisha presha kwa muda unaokaribia saa moja; ni jambo rahisi ambalo hata mimi sikuliamini mpaka nilipoliona kwenye mashine. Kwa siku nzima, mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo au figo anywe lita mbili hadi mbili na nusu, na zaidi kidogo akifanya kazi juani. Mwenye moyo unaoshindwa au figo mbovu afuate kiasi alichopangiwa.

Chumvi ina ubishi mwingi. Kijana mwenye presha ya chini asiye na ugonjwa mwingine anaweza kushauriwa na daktari aongeze chumvi. Mtu mwenye presha ya kupanda, moyo au figo asiongeze hata chembe kwa kuambiwa na jirani, kwa sababu presha yake akilala tayari iko juu, kama ilivyokuwa ya mama.

Kwa mtu wa namna hiyo, ambaye presha hupanda akilala na kushuka akisimama, inua upande wa kichwa wa kitanda chote kwa sentimita 15 hivi kwa kuweka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya kitanda, ukihakikisha havitelezi. Kuongeza mito hakufanyi kazi hiyo, maana hukunja shingo tu. Mwinuko hupunguza mkojo wa usiku, hivyo mtu huamka akiwa na maji zaidi mwilini. Mchana asilale kitanda kikiwa tambarare. Apumzike kwenye kiti.

Kula kidogo mara nyingi badala ya sahani moja kubwa, na uketi kwa muda baada ya chakula kabla ya kurudi kazini. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, na kuwe na kiti bafuni. Soksi ndefu za kubana zinazofika mapajani husaidia, ila hapa kwetu joto huwashinda wengi. Mkanda mpana wa tumbo, kama ule wanaoufunga akina mama baada ya kujifungua, huvumilika zaidi na hufanya kazi kwa kuwa damu nyingi hukusanyika tumboni. Ufungwe kabla ya kuinuka na ufunguliwe kabla ya kulala, na mjamzito asiutumie. Anayefanya kazi ya kusimama, kama kinyozi au mwalimu, awe akiinuka kwa vidole vya miguu na kushuka mara kwa mara ili misuli ya mashavu ya miguu ipandishe damu.

Yasiyosubiri

Nenda hospitali mara moja ikiwa kizunguzungu kimekuja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo. Ukizirai ukiwa unakimbia, unabeba mzigo au umeketi tuli. Ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki. Ukipata choo cheusi au kutapika damu. Ukiwa mjamzito na unatokwa na damu. Au ukianguka na kugonga kichwa, hasa ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Familia yenye kijana aliyekufa ghafla isipuuze kuzirai kwa ndugu yake. Wengine wote wenye kizunguzungu kinachorudi kwa zaidi ya wiki moja waende kliniki ya kawaida wakiwa na daftari na mfuko wa dawa, na waombe kupimwa kiwango cha damu, sukari, chumvichumvi za damu pamoja na figo, na moyo kwa mashine ya umeme.

Mama alipunguziwa dawa ya usiku hatua kwa hatua hadi akaiacha, akapewa nyingine ya miguu, na kidonge cha kutoa maji kikahamishiwa asubuhi. Tuliendelea kumpima kwa siku saba baada ya kila badiliko. Wiki ya nne alikuwa na 146 kwa 85 akiwa amelala na 133 kwa 80 akiwa amesimama, na alikuwa hajaanguka tena. Tarehe ya kliniki ilipofika, muuguzi alipomwonyesha benchi ili aketi apimwe, mama mwenyewe ndiye aliyeomba kitanda alale kwanza.